Picha ya Bi Mwanapili na Paka Wake

Basi la Mangapwani lilipoondoka Darajani, Bi Mwanapili alimwonesha kijana aliyekaa kando yake picha aliyotoka kuilalamikia kwa mpiga picha. Mwanawe, aliyeko masomoni Ujerumani, aliomba apelekewe mchoro wa mama yake na paka wao, na picha hiyo ndiyo ya kuchorea. Paka mwenyewe alikuwa kikapuni. Alipelekwa mjini ili mpiga picha aone alivyomharibu pichani.

“Mimi ni mchoraji, bi mkubwa,” alisema kijana, jina lake Kurwa. “Kwa picha hii sitochora kitu. Nyuma yako pana dirisha, uso umekuwa mweusi. Na paka katikisika, ana mikia mitatu.”

Bi Mwanapili alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Nami niliyekaa kiti cha nyuma yao nikacheka, ingawa hakuna aliyeniuliza.

“Ukipigwa nyingine, kaa mlangoni, mwangaza uje ubavuni,” Kurwa aliendelea. “Kamera ishushwe mpaka usawa wa macho ya paka, na mtu amwoneshe dagaa. Na wewe ucheke hivyo hivyo.”

“Nicheke na pengo hili? Nchore nimefumba mdomo.”

“Mwanao atauliza huyu mama wa nani.”

“Atasema mamangu ana adabu.”

Paka akalia. Kila mmoja akadai paka yuko upande wake.

Basi liliposimama Mtoni, Kurwa aliteremka akisema mkewe anayo kamera nyumbani. Bi Mwanapili, aliyelipa nauli mpaka Mangapwani, akateremka na kikapu chake.

“Nnakuja,” akamwambia, “lakini mdomo sifumbui.”

Alikuwa akicheka, na pengo lote liko wazi.