Fundi Bulaimu na Shuka la Viraka la Sikukuu

Leo, siku ya sita ya Shawali mwaka 1312, ambao Wazungu wa boma wanauita 1895, Fundi Bulaimu anaweka mkasi chini baada ya miaka ishirini na miwili ya kushona katika ukumbi wetu hapa Kindu. Mimi, Zuberi, niliyekaa naye mkeka mmoja miaka kumi na saba, nimeombwa niandike haya yasomwe mbele yenu.

Hakuja kwa hiari yake. Msafara ulimleta kutoka upande wa Pangi, kijana wa miaka ishirini hivi, kamba shingoni. Alipaswa kubeba pembe hadi Ujiji, lakini mguu wake ulikuwa umeoza kwa kidonda, hivyo tajiri mwenye msafara akamwacha kwa mshonaji wa Kipwani aliyekuwa hapa wakati ule. Wenzake waliobeba pembe hatukuwaona tena. Yeye alishika sindano, na kufikia msimu wa pili alikuwa anakata kanzu bila kupima mara mbili. Mwaka 1304 tajiri alimwandikia uhuru. Bulaimu aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akamalizia mkono wa kanzu aliokuwa ameuanza.

Alituchekesha pia. Siku moja alishona hema kubwa la msafara kwa haraka hadi akaunganisha pindo la kanzu yake mwenyewe na hema. Alipoinuka kwenda kuswali, hema zima lilimfuata mpaka mlangoni. Tajiri alicheka hadi akakaa chini, na Bulaimu akaswali na hema lake.

Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia binti, Feza. Mtoto huyo alikulia humu ukumbini, kati ya vipande vilivyoanguka kutoka kwenye mikasi yetu.

Mwaka 1310 vita vilikuwa vinawaka kule Nyangwe na Kasongo. Hakuna msafara uliofika, hakuna jora la kitambaa lililofunguliwa. Ramadhani ilipoingia, ndui nayo iliingia. Tulizika watu katika mikeka kwa kuwa sanda ilikuwa imekwisha. Katika kumi la mwisho, Feza akashikwa. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa ameahidiwa nguo mpya ya Idi.

Bulaimu alikuwa na kikapu cha mabaki ya miaka yote: merikani nyeupe, kaniki ya buluu, kitambaa chekundu cha bendera, vipande vingine si vikubwa kuliko kiganja. Havikutosha gauni. Akaanza kuviunganisha kuwa shuka dogo, akilijaza sufi, ile pamba ya msufi, katikati ya tabaka mbili ili limpe joto. Alishonea kando ya kitanda, naye Feza, uso umevimba na macho hayafunguki vizuri, ndiye aliyechagua.

“Baba, nyekundu utie katikati,” alisema. “Watu wakikuja kutupa mukono wa Idi, waone hiyo kwanza.”

Asubuhi ya Idi alimfunika nalo. Hakuna aliyekuja kutoa mkono. Sote tuliogopa mlango ule. Mimi pia niliogopa. Siku ya tatu baada ya Idi, Feza akafariki.

Mvua ilikuwa haikomi juma lile. Mwanangu Asumani, aliyekuwa na miaka minne, alitetemeka kwa homa, na kwetu hakukuwa na kitu kizito cha kumfunika. Mke wangu Hadidja akaniambia twende. Tulimkuta Bulaimu uani, shuka mikononi.

“Fundi, Feza ameenda, hana lazima ya shuka tena,” Hadidja alisema. “Mutoto wangu anatetemeka. Utupatie.”

“Haiwezekani, mama.”

“Tutafua na maji ya moto.”

“Ugonjwa iko ndani yake. Maji haitautoa.”

“Sema tu unataka kubaki nayo!” Hadidja alilia. “Unapenda kitambaa kupita mutoto wa muntu!”

Bulaimu aliliinua shuka. Aliingia jikoni, akatoka na kijinga cha moto, akaliweka shuka juu ya mawe chini ya upenu na kuliwasha. Sufi ilishika mara moja. Alisimama hapo mpaka nyekundu ya katikati ikawa majivu. Nilimwita mtu asiye na moyo. Nilimwambia hivyo usoni, siku nne baada ya kumzika binti yake.

Juma lililofuata naye akaanguka kwa ndui. Alipona, ila jicho moja lilikwenda, na la pili ndilo leo limechoka. Watu wa nyumba ya jirani walikuwa wamejifunika nguo za marehemu wao. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa tumewazika wote wanne. Asumani alipona homa yake. Sasa ana miaka sita, na ameketi pale mbele, haachi kuchezea kofia yake.

Miezi miwili nilishona ubavuni mwa Bulaimu bila kumsemesha. Kisha tukaanza kusemeshana habari za uzi na mikasi, lakini la shuka sikulitaja kamwe. Fundi, nakuomba radhi leo, mbele ya watu hawa. Hadidja naye anakuomba radhi. Mtoto wetu yu hai kwa sababu ulikubali kutukanwa.

Kesho anavuka mto kwenda Pangi. Wachuuzi wa chumvi wametuletea habari kwamba dada yake yuko hai huko. Sisi tunamwita Bulaimu, jina alilopewa na tajiri siku aliyofunguliwa kamba. Alilopewa na mama yake hajawahi kututajia, nasi hatukuuliza.

Tunakushukuru kwa kazi yako, Fundi, na kwa yote tuliyochelewa kuyaona. Njia ikupokee kwa upole, mvua ikungoje upite, na ukifika, dada yako akutambue na kukuita kwa jina lile.