Taa ya Kutoka Chini

Wahenga walisema macho hayana pazia. Masikio nayo hayana. Mpiga kamera aliketi ndani ya basi, nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, muuguzi kijana, alikuwa akisimulia filamu ya safari za angani aliyoitazama Jumapili.

"Yule bibi aliyebaki peke yake kwenye chombo cha angani alinitisha, mama. Taa ya kijani inammulika kutoka chini, kamera imemsogelea mpaka unahesabu mikunjo ya uso. Hajafungua mdomo, nimeshajua ni mchawi."

Mwenzake, fundi cherehani wa makamo, alitazama dirishani. "Bibi yule ni mimi," akasema taratibu.

Muuguzi akashika mdomo. "Nisamehe, mama."

"Huna kosa. Niliambiwa nacheza bibi anayewasubiri wajukuu, na maneno yangu yote yalikuwa ya upendo. Mjukuu wangu mdogo alipoiona, akakataa kulala kwangu."

Mpiga kamera akainamisha kichwa. Taa ile aliiweka yeye. Mama huyu alipomuuliza kama ataonekana vizuri, alimjibu kwamba atapendeza, huku akijua anachokifanya. Kisha akapokea pongezi kedekede.

"Labda hawakukusudia," muuguzi akasema.

"Taa haijiwashi, mwanangu."

Basi likasimama. Mama akainuka, akageuka, akamwona. "Kumbe upo, baba. Kazi zinaendelea?"

"Zinaendelea, mama," akajibu, macho chini.

Mama akamtakia heri, akashuka. Kituo kile kilikuwa cha mpiga kamera pia, lakini akabaki ameketi.