Dada Soma Tena Anashuka Ngazi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha umeme, wakuu wa idara, wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa zamu mliokuja na vumbi la makaa kwenye kola: salamu zenu. Na wewe dada yetu wa maabara, unayestaafu leo, tuliyekubandika jina la Soma Tena kwa kuturudisha kila mara kwenye kipimo, shikamoo.

Nimeambiwa nisizidishe dakika tano. Haya, tutaona.

Wageni wetu, makaa ya mawe tunayochoma yana zebaki, nayo ni sumu. Ikitoka na moshi huangukia bwawani, ikaingia kwa samaki, na kwa samaki ikamfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana tunapuliza unga mweusi kwenye moshi, uinase kabla haijatoka nje. Na nani alihakikisha unga unapita? Huyu hapa, aliyepanda ngazi za dohani miaka ishirini na sita, na magoti yake mabovu! Jana kanishika mkono mlangoni: "Nikiondoka, nani atasoma?"

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Miaka kumi iliyopita bomba la unga liliziba kwenye zamu yangu. Uvivu ukanishika, siku nne nikawa nanakili kipimo cha jana yake. Siku ya tano dada akapanda na vichupa vyake, akashuka, akaniuliza, "Mdogo wangu, wifi yangu ana miezi mingapi?"

"Saba, dada."

"Na samaki mnanunua wapi?"

Jamani! Samaki wetu walikuwa wa bwawa hilo hilo.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Vua saa, tukazibue." Tulizibua mpaka tukawa weusi kwa unga, tukabaki meno tu. Kisha akanipa kalamu nikate uongo wangu, niandike ukweli. Nikamwambia nitafukuzwa. "Basi tutafukuzwa wawili," akasema, akatia sahihi pembeni ya yangu. Akapewa barua ya onyo kwa kosa lisilo lake, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha.

Yule mtoto wa tumboni ndiye huyu binti wa mstari wa mbele anayenionea aibu, mzima, mbishi kama mama yake. Dada, nakupenda, na shemeji aliyekaa pembeni yako anisamehe.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia. Namalizia na jibu ninalodaiwa tangu jana. Leo asubuhi nimepanda mwenyewe. Zebaki iko chini ya kiwango. Nikaanza kushuka, nikafika ngazi ya tatu, nikasikia sauti yako, nikarudi juu.

Nimesoma tena, dada. Nenda kapumzike.