Masjala Isiyo na 17A

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mtunza kumbukumbu wetu, ambaye wafanyakazi wote wa chuo hiki cha lugha tunamwita Mama Folio, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika miaka hiyo amefanya kazi chini ya wakuu wa chuo sita, amehama ofisi mara mbili na amechelewa kazini mara moja. Siku hiyo aliyochelewa alijiandikia barua ya kujieleza, akaipeleka kwa mkuu wake wa kazi, na kwa kuwa mkuu wake wa kazi naye alikuwa hajafika, akamwachia mezani.

Alianza akiwa mchapaji. Mwaka wa tatu akahamishiwa masjala, chumba chenye dirisha dogo la kuhudumia watu, makabati manne ya chuma na benchi moja nje ya mlango. Aliyemtangulia alimkabidhi funguo pamoja na mafaili yaliyofungwa kwa kamba za viatu, na ilimchukua miezi minane kuyapanga. Kuanzia hapo kila karatasi iliyoingia katika faili la mfanyakazi ilipewa namba yake, yaani folio, kwa wino mwekundu na kwa kufuata siku iliyopokelewa. Wala hakuna karatasi iliyopewa folio kabla mwenye faili hajaisoma na kutia sahihi kwamba ameiona. Utaratibu huu umetuudhi sote kwa zamu. Mkuu wa chuo wa nne alisimama dirishani dakika ishirini akiomba faili lake mwenyewe, akaambiwa ajaze kadi kama watu wengine. Alijaza.

Nyumbani kwake mambo si tofauti sana. Mumewe ni fundi saa, na anakiri kwamba akitaka kujua wakati humtazama mkewe akitoka mlangoni. Mtoto wao wa mwisho alipoomba ruhusa ya kwenda kulala kwa shangazi yake, aliambiwa alete ombi kwa maandishi. Alileta, likakataliwa, na nakala anayo mpaka leo.

Lakini wanaomjua zaidi Mama Folio ni walimu wa lugha za kigeni, wale waliotoka ng'ambo. Chuo huwapa mkataba wa miaka miwili miwili, na kibali chao cha kukaa nchini kimefungwa kwenye mkataba huo. Mkataba ukivunjwa kwa utendaji mbovu, kibali nacho kinakufa, na mtu hupewa siku thelathini za kufungasha. Ndiyo maana mwalimu akiitwa na kuambiwa kazi yake hairidhishi, mwenyeji hununa, mgeni hukosa usingizi. Wengi wao waliishia kwenye lile benchi. Walimuuliza kama watakamatwa, kama watawekwa kwenye orodha fulani, kama watoto wao watatolewa shuleni. Mama Folio si mwanasheria, na hilo ndilo alilowaambia kwanza. Kisha aliwasomea mkataba, kifungu kwa kifungu, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Aliwaambia wasitie sahihi wasichokisoma, waombe nakala ya kila barua, na tarehe ya kuipokea waiandike kwa mkono wao wenyewe. Waliondoka wakiwa bado na hofu, ila sasa ilikuwa hofu yenye mpangilio.

Miaka tisa iliyopita matokeo ya darasa la Kireno yalitoka mabaya. Wanafunzi kumi na tisa kati ya ishirini na sita walifeli. Darasa hilo lilikuwa limesomea kwenye korido ya ghorofa ya pili muhula mzima, kwa sababu chumba chao kilikuwa kinapakwa rangi na rangi yenyewe ilikuwa imeishia nusu ya ukuta. Bodi ilitaka maelezo, na korido haiandikiwi barua. Mkuu wa taaluma wa wakati huo akaenda kumkagua Mwalimu wa Kireno. Alikaa nyuma dakika arobaini na, ingawa Kireno hakijui hata cha kuombea maji, aliandika kwamba matamshi ya mwalimu hayaridhishi. Mwalimu wa Kireno kazaliwa na lugha hiyo mdomoni. Aliisoma ripoti mara mbili, akaja dirishani kuuliza kwa adabu kama mama yake mzazi naye atafanyiwa ukaguzi.

Mzaha wake uliishia hapo. Mkataba ulisema mwalimu hafukuzwi kwa utendaji mbovu mpaka awe ameonywa kwa barua mara tatu, na yeye alikuwa hajaonywa hata mara moja. Lakini alikwisha kusikia kwamba uamuzi umefanyika, bado karatasi tu. Binti yake alikuwa darasa la mtihani, amebakiza miezi miwili. Wakiondoka kabla ya mtihani, mtoto angekwenda kuanza upya katika nchi aliyoiacha akiwa na miaka minne. Hilo ndilo alilomwambia Mama Folio, na inasemekana alilisema benchi lilipokuwa limejaa watu, jambo ambalo kwa mtu mwenye haya kama yeye si dogo.

Mchana mmoja wa Septemba, afisa mmoja wa utumishi aliagizwa na mkuu wa taaluma aandike barua tatu za onyo: moja ya Machi, moja ya Mei, moja ya Julai. Aliziandika zote kabla ya chai ya saa kumi. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo hakuuliza kitu. Akazipeleka masjala. Mama Folio alizisoma, akafungua faili la mwalimu na kumwonyesha. Folio ya 17 ilikuwa ombi la likizo la Februari. Folio ya 18 ilikuwa ombi la kalamu za ubao la Agosti. Alimwambia, mwanangu, kati ya kumi na saba na kumi na nane hapapiti hata sisimizi, sembuse barua tatu. Kama kuna aliyeziagiza, na aandike jina lake na tarehe ya leo, naye atazipokea sasa hivi. Afisa aliondoka na barua zake.

Wiki iliyofuata Mama Folio alihamishiwa ghala la samani. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa maslahi ya chuo. Aliisoma, akatia sahihi kwamba ameiona, akaipa folio katika faili lake mwenyewe, kisha akakabidhi funguo. Aliyekabidhiwa ni yule yule afisa wa utumishi. Siku hiyo hiyo barua tatu ziliingia katika faili la Mwalimu wa Kireno, zikiwa na namba kwa wino mwekundu: 17A, 17B na 17C.

Kamati ya nidhamu ilikaa Oktoba. Mwalimu alisema hajawahi kuziona barua hizo, ndiyo maana hazina sahihi yake; akaambiwa wengi hukataa kutia sahihi, na wajumbe wakamtazama kama watu waliokwisha kuyasikia hayo. Akaomba jambo moja, aitwe mama wa masjala. Mama Folio aliletwa kutoka ghalani akiwa na vumbi la madawati begani. Alipoulizwa kama barua ni halali, alisema mambo ya uhalali yeye hayajui, anajua namba, na tangu aanze kazi hajawahi kuandika A. Akaomba yaletwe mafaili yoyote kutoka kabati lolote. Ikionekana A moja, basi yeye ni mwongo. Yakaletwa kumi na mawili, likiwemo la mwenyekiti wa kamati, ambaye alilichelewesha kidogo mkononi akilisoma. Hapakuwa na A. Mwenyekiti akauliza, sasa hizi kaziandika nani? Yule afisa wa utumishi alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwa Mama Folio, akiandika muhtasari wa kikao. Mama Folio alijibu kwamba siku hiyo yeye alikuwa ghalani akihesabu madawati, na asichokiona hakisemi.

Mwalimu wa Kireno alibaki. Binti yake alifanya mtihani, akafaulu, na sasa ni muuguzi. Mkuu wa taaluma alihamishwa, kwa maslahi ya chuo. Mama Folio alikaa ghalani miezi mitano zaidi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuandika barua ya kumrudisha, na aliporudi masjala kila kiti cha chuo hiki kilikuwa na namba.

Rasimu ya wasifu huu iliyoidhinishwa na mkuu wa chuo iliishia hapo. Ripoti ya kamati nayo ilisema aliyeziingiza barua hakufahamika. Ni mimi. Nilizitunga, nikaziingiza, nikaketi pale nikiandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Miaka tisa nimeonana na Mama Folio karibu kila siku ya kazi, naye hajawahi kunigusia, hata kwa jicho. Mke wangu alipojifungua, Mama Folio alikuja kutupongeza, akaniuliza kama cheti cha kuzaliwa nimekwisha kukichukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine. Ningefarijika zaidi kama angenitukana. Sherehe hii ilipotafutiwa mwandishi wa wasifu, yeye ndiye aliyenitaja, na sikuthubutu kumuuliza sababu.

Mwalimu wa Kireno, ambaye leo umeketi pamoja nasi, nisamehe. Nilijua una mtoto. Nilimfikiria wangu peke yake.

Mama, asante. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi pamoja na mzee wako, ulale mpaka jua likuchome, na asitokee mtu wa kukuletea chochote chenye mhuri. Mkuu wa chuo, anayeisoma aya hii kwa mara ya kwanza pamoja nanyi, atanikuta ofisini kwangu, chumba namba sita, Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi.