Lori Jekundu la Cuthbert

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena mlango. Tadea, weka simu yako hapa kifuani irekodi, kesho mtu asije akasema mzee alikuwa anaweweseka. Stephano, kaa chini. Najua una haraka, lakini leo mwenye haraka zaidi ni mimi.

Mnaliona lile lori dogo la bluu juu ya kabati, lori na tela lake, ambalo miaka kumi na moja nimewakataza kuligusa. Mmedhani ni pambo la mzee aliyezeekea gereji. Si langu. Ni la marehemu baba yenu mdogo, Cuthbert, na halikuwa la bluu.

Cuthbert aliendesha lori la mizigo, akishusha saruji na unga Mbamba Bay, akirudi na dagaa, enzi zile barabara ni tope tupu. Na kila lilipokwama, aliyelala chini yake na spana alikuwa mimi. Tajiri wetu, mzungu, alipofunga kazi kurudi kwao, alimpa Cuthbert lori dogo la mfano linalofanana kabisa na lile alilokuwa akiendesha: jekundu, la chuma cha kumimina, zito mkononi, milango inafunguka, matairi ya mpira, tela linaloshikwa na ndoano ndogo kama punje ya mahindi, vyote ndani ya boksi lake. Mimi nilipewa mkono na asante. Nilicheka siku ile, wanangu, lakini moyoni niliungua.

Cuthbert alipofariki, mkewe Lidia aliniletea lile boksi kwa mikono miwili. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye unayejua malori. Abdulmajid, yule mwenye duka mjini Mbinga, ana mtu Dar es Salaam anayakusanya haya. Nitazamie kama lina thamani."

Nikalikagua kama ninavyokagua lori zima. Nikalitandikia kitambaa, nikafungua tela nikalifunga, nikazungusha ekseli moja moja, nikaligeuza nikasoma jina la kiwanda na mwaka, yamechapwa tumboni. Abdulmajid akanipigia simu: mzee, rangi ni ya kiwandani? Maandishi ya chini yapo? Boksi lipo? Nikajibu yote ndiyo. Akanitajia bei. Ilitosha ada ya mtoto wao Clemence chuo cha uuguzi mpaka amalize, na nauli ya Lidia kurudi kwao Chiwanda akitaka.

Nikamwambia Lidia, "Ni kidude cha watoto hiki, shemeji. Hakina kitu."

Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba niliogopa angeondoka na watoto wa ndugu yangu, nyumba ya Cuthbert ikaota majani. Uongo mtupu! Ulikuwa wivu. Yuko kaburini, na bado anapewa yeye.

Lidia hakubisha. Alisema tu, "Haya, lakini Abdulmajid anakuja Jumamosi kuliona mwenyewe." Basi Ijumaa mchana nikachukua tupa, nikasaga yale maandishi mpaka chuma kikang'aa. Nikakwangua rangi nyekundu, nikapaka iliyobaki ya mlango wa gereji. Boksi nikawashia mkaa. Na nilifanya kazi safi, wanangu, mikono hii hii iliyokuwa ikiamsha malori yaliyokufa.

Jumamosi Abdulmajid alikuja, akaketi hapo alipoketi Stephano, akaligeuza, akanitazama. "Mzee, nani amelikwaruza hivi?" Lidia alikuwa anaingia na chai. Akaona lile bluu, yeye aliyeniletea jekundu. Akatua sinia mezani, akasema, "Lilikuja hivyo hivyo."

Alinisitiri mbele ya mgeni, katika nyumba yangu, mimi niliyemwibia. Tangu siku ile hajalitaja tena, wala kwangu wala kwa mwingine. Msimu uliofuata alikwenda kulima ngolo za watu huko Mkumbi, anachimba mashimo kwenye mteremko mgongo umepinda, na Clemence mpaka leo anauza dagaa stendi. Jioni kwenye sengu, ukoo mzima tunapokula pamoja, wazee walinisifu: huyu bwana anamtunza mjane wa ndugu yake. Na mimi nikamega ugali, nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza!

Tangu mama yenu afariki, uji wangu anaupika nani? Mashuka yangu anafua nani? Ninyi mnakuja na machungwa, mnaondoka. Nimeungama kwa padri. Akaniambia, mzee, nenda kaungame na kwa uliyemkosea. Kila asubuhi Lidia akiingia na kikombe najiandaa kusema, halafu nasema, "Uji una sukari kidogo leo."

Nipeni maji. Inatosha.

Sasa shikeni hili. Shamba la kahawa la Kitura, lile la karibu na mto, ni la Lidia na wanawe. Stephano, usinikunjie uso. Najua umeshapima pa kujenga. Karatasi iko kwa mwenyekiti wa kijiji, nimetia sahihi nikiwa na akili zangu, mashahidi wapo. Kahawa iliyoko juani sasa hivi nayo ni yake. Nyumba hii gawaneni, na vyombo vya gereji. Na hilo lori... hilo lori ni urithi wenu. Msiliuze, halina bei, nilihakikisha mwenyewe. Msilipake rangi nyingine. Likae hapo hapo.

Mungu awalinde, wanangu. Awape mikono mizuri kuliko yangu... na macho yasiyomhesabia ndugu alichopewa. Mpendane. Nizikeni pembeni ya Cuthbert, kama watoto wake watakubali. Waulizeni kwanza.

Tadea, mwite Lidia. Yuko jikoni, namsikia. Mwambie aache sufuria, aje akae... kwenye kiti, si kwenye mkeka. Nitajaribu kumwambia mwenyewe. Pumzi ikikataa, mpeni simu asikilize.

Na siku mtu akiligeuza lori lile... akauliza nani amelikwaruza... msimwachie Lidia ajibu. Semeni ninyi. Semeni, ni baba yetu.