Goti la Mkwe Wangu

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, nami mniache nimalize. Naandika kwa sababu siku hizi kila nikishika kipaza sauti kanisani, kwaya inaanza kuimba kabla sijafika katikati.

Nilipaswa kukataa. Nianze hapo. Ndugu Zakaria, mwenyekiti wetu wa maombi, alinipigia simu Alhamisi jioni akasema, "Mzee Mwakio, Jumapili mkweo asimame atoe ushuhuda wa goti. Tuna wageni kutoka Hamilton."

Nikamwambia goti halijapona, daktari amepanga kumpasua Jumatano.

"Tuliliombea au hatukuliombea?"

"Tuliliombea."

"Basi ushuhuda kwanza, daktari baadaye. Ama wewe, mzee wa kanisa, unataka kutuambia tuliomba bure?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, na sikulisema. Nilisema, "Atasimama."

Kwa wale wasiomjua, mkwe wangu anaitwa Ostap. Ni Mukraine, na kazi yake ilikuwa mpira wa kulipwa, mshambuliaji wa kati. Alianzia kwao, katika mji wa mashariki karibu na mpaka, akauzwa Poland, akapita Uturuki, ndipo akaletwa hapa Toronto. Vita vilipoanza yeye alikuwa tayari nje. Vijana aliokua nao walikwenda kupigana, na baba yake akabaki kulekule, akitazama mechi za mwanawe kwenye simu siku ambazo umeme upo. Ostap aliniambia kwamba hawezi kumpelekea baba yake amani, wala hawezi kumtoa kule maana mzee amekataa kuondoka. Kitu pekee anachoweza kumpa ni goli. Kwa hiyo, ndugu zangu, mnapomfikiria mtu huyu akikimbia uwanjani, mjue alikuwa akimkimbilia nani.

Alikutana na binti yangu Mghoi, ambaye ni muuguzi, kwenye harusi ya rafiki yao, wakaoana. Mimi nilikuwa mjane, naishi peke yangu ghorofani Crescent Town. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Ostap, naye alikuja kula ugali kwangu. Sukuma wiki aliipakia krimu chachu ya kwao juu, na nilimsamehe hilo. Aliniita Baba tangu siku ya kwanza.

"Baba, goli la Jumamosi uliliona ama ulisinzia?"

"Nilisinzia. Lilikuwa la bahati."

"Basi uwe unasinzia kila Jumamosi."

Sasa nieleze nilivyokuwa mimi. Nilifika kidato cha nne nyumbani Taita, na hapa Kanada nikalinda mlango wa ofisi kule Don Mills mpaka nikastaafu. Kanisani nilikaa nyuma miaka mingi na hakuna aliyeniuliza habari. Ostap alipoanza kufunga, nikaletwa viti vya mbele. Watu waliniita Baba Mkwe wa Straika. Mwaka huohuo nikafanywa mzee wa kanisa. Asije mtu akaniambia ilikuwa kwa ajili ya hekima yangu. Nilijua sababu, na nilipenda kukaa pale mbele.

Goti liliumia mazoezini. Kano ya ndani ilichanika nusu, na daktari akasema akipasuliwa mapema atarudi msimu ujao. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha kabla ya msimu huo, naye aliogopa. Tukaliombea. Uvimbe ukapungua, hilo nililiona kwa macho yangu na silikani. Mghoi akaniambia jikoni kwangu, "Baba, ombeni mpaka mchoke, lakini Jumatano anaingia chumba cha upasuaji." Nikamjibu, "Sawa, mama." Alhamisi ile Zakaria akapiga simu.

Jumapili Mghoi alikuwa zamu. Ostap alisimama mbele ya ukumbi wetu akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe, "Mungu ni mwema. Nimepona." Watu wakainuka vitini. Zakaria akamwambia aruke, akaruka. Wageni wa Hamilton walilia, na mimi nililia pamoja nao, na nilifurahi.

Tukiwa garini kurudi aliniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. "Baba, nimeshasema mbele ya watu. Nikienda Jumatano, si nitakuwa mwongo?"

Ndugu zangu, Mungu alinipa nafasi ya pili palepale, kwenye taa nyekundu. Ningesema, nenda mwanangu, nami nitakaa nje nikikungoja. Nilimwambia, "Ukienda utakuwa umekana ulichokiri."

Akafuta miadi. Mghoi alipojua aligombana naye, akaja kugombana na mimi, nami nikamwambia awe na imani. Kule kwenye timu Ostap alisema hasikii maumivu. Kocha alihitaji magoli, hakuuliza sana.

Siku ya mechi tulikwenda watu wengi wa kanisa na bendera, upepo wa ziwani ukitupiga usoni. Kipindi cha pili alipokea mpira, akageuka. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka peke yake, akaanguka, na kutoka kule juu nilimwona akilishika goti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitu kilichovunjika akiogopa kukiachia. Alipasuliwa mara mbili. Daktari akamwambia atatembea, lakini mpira basi.

Ijumaa iliyofuata, kwenye maombi nyumbani kwangu, Zakaria alisema kijana yule alikiri kwa mdomo huku moyoni ana shaka, ndiyo maana. Watu wakanigeukia mimi. Nikasema, "Amina." Nilipoinua kichwa nikamwona Mghoi mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua koti la mumewe alilolisahau kwangu. Alilichukua kitini, akaondoka bila kufunga mlango.

Mnadhani hapo ndipo nilipotubu? Hapana. Niliendelea kukaa viti vya mbele.

Wakati huohuo jicho langu la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na siku yangu ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Hospitali hawakuruhusu uende bila mtu wa kukurudisha nyumbani. Mghoi hakupokea simu zangu. Aliyekuja ni Ostap, akitembelea gongo lake. Tulikaa tukingoja jina langu liitwe.

"Baba, kanisa liliombea jicho?"

"Liliombea."

"Ukasimama, ukasema umepona?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilivua koti nikaanza kulikunja.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Kisha jina langu likaitwa, akalipokea koti langu akalishika mpaka nilipotoka.

Kesho yake bandeji ikaondolewa. Nilirudi nyumbani nikaiona picha ya marehemu mke wangu ukutani, nikaona mpaka mashono ya kola yake. Nikapiga magoti. Mungu alikuwa ameniponya kwa mkono wa daktari, na mkono huohuo ndio niliomzuilia mkwe wangu. Nililia mpaka sauti ikakauka, na nilipoinuka kitu kilikuwa kimenitoka. Nilikuwa nimewaogopa watu maisha yangu yote, bosi, mchungaji, wageni wa Hamilton. Hofu ile ilikwisha asubuhi ile na haijarudi. Huo ndio ukombozi wangu. Si wa goti, wala si wa jicho.

Jumapili nikasimama nikayasema yote. Zakaria alinifuata kwenye maegesho. "Mzee, unalibomoa kanisa."

"Ninatoa uongo nilioutia mwenyewe," nikamwambia. "Kama ukuta ulikuwa umeuegemea, basi uanguke."

Wakanivua uzee wa kanisa. Nimerudi kiti cha nyuma, na sitoki. Nitakuja kila Jumapili, nitaimba, na nikipewa kipaza sauti nitasema haya haya. Shetani aliyenikalisha viti vya mbele kwa uongo hatanitoa kanisani kwa ukweli.

Ndugu zangu, bado naamini Mungu anaponya. Naomba kwa ajili ya wagonjwa kila siku, na nakusihi wewe usomaye umtegemee kwa moyo wako wote. Mtegemee vya kutosha hata usimsemee jambo ambalo hajalifanya. Omba, kisha nenda hospitali, na ukipona utakuja kutusimulia. Mungu ana subira kuliko kamati ya maombi. Namshukuru kwa kunivumilia, na namshukuru kwa mtu aliyelishika koti langu.

Uamuzi ule wa kufuta miadi ulimgharimu Ostap mpira, na ulimgharimu baba yake, mzee wa watu kule Ukraine, furaha aliyokuwa akiingoja kila umeme uliporudi. Mimi ulinigharimu binti. Mghoi na mumewe wamehamia Edmonton. Ostap hunipigia simu kila Jumatatu na bado ananiita Baba. Mghoi huwa yupo karibu, nasikia vyombo vikigongana, lakini hajawahi kuichukua simu.