Neno Moja Mbele ya Jina la Arvid

Benchi la ghala la nafaka halikosi watu asubuhi, hasa Februari, mashamba ya Dakota, Marekani, yakiwa yamelala chini ya theluji na mkulima hana kazi ila kuzeeka. Siku hiyo walikuwa watatu: Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kusikiliza kesi ya ng'ombe, Dizeli, aliyewahi kulijaza dizeli gari la petroli la mkewe, na Arvid, kapera wa miaka sabini na tatu, ambaye hata jina la utani hakupata. Mama Verna, mjane wa kule kwenye mnara wa maji, alikuwa amefariki Jumapili. Binti yake, Colleen, alikuwa akiandika tanzia, na gazeti lilikuwa linafunga kupokea matangazo saa nne.

— Kaniuliza aniandike nani wa mama yake, Arvid alisema. Nimwambie nini?

— Andika rafiki, bwana, alisema Dizeli. Neno lipo, la nini kuhangaika?

— Rafiki! Wakili akacheka. Hata yule wa bima ananiita rafiki, na sura yangu haijui. Neno hilo limechakaa.

— Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, Dizeli alikiri. Lakini mimi aliyenivuta mtaroni ni dereva wa gari la kukokota magari. Basi naye siku akifa nimwandike rafiki?

— Jirani, basi, alisema Wakili.

— Jirani wa maili tisa? Arvid aliuliza.

Arvid alitazama kikombe chake. Kila Alhamisi, miaka kumi na mmoja, alikula kwa Verna. Gari aliliacha nyuma ya posta, akatembea mitaa miwili kwenye barafu, watu wasije wakasema. Kanisani waliketi benchi moja, koti la Verna katikati yao.

— Na mji mzima tulijua, Wakili alisema. Gari lako likikaa posta na posta imefungwa, ulidhani tunafikiri unanunua stempu?

— Mlijua?

— Mke wangu alikuwa anasema, leo Alhamisi, Arvid anakula nyama.

Arvid aliona aibu, kisha akaona uchungu kuliko aibu. Barafu yote ile aliikanyaga bure. Angeweza kuegesha mlangoni kwa Verna.

— Sikilizeni sheria, Wakili alisema. Haba na haba hujaza kibaba. Alhamisi mia tano na zaidi, ukizipanga mfululizo, ni mwaka na nusu wa ndoa halali. Andika mume!

— Mume bila pete? Dizeli akaruka. Tanzia ya shangazi yangu ilimtaja mpaka paka. "Ameacha watoto wawili na paka wake, Smokey." Mwingize Arvid hapo, baada ya paka.

— Kabla ya paka, bwana! Mwana wa watu huyu!

Walicheka, na Arvid naye akacheka kidogo, maana kukaa kimya kungemtoa machozi. Akiandikwa rafiki, Ijumaa kwenye mazishi ataketi nyuma ya kanisa na watu wa ghala. Familia itaingia mwisho, kwa mstari, nayo itamwacha huko.

Mlango ukafunguka. Aliingia mwanamke, dereva mgeni wa lori la mbolea, kujaza chupa yake kahawa. Alikuwa amesikia nusu ya maneno tangu mlangoni.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Marehemu mwenyewe alikuwa anakuitaje, baba?

Arvid alifungua kinywa, akatafuta maneno ya Verna. Alipata "Umekula?" Alipata "Funga mlango, baridi." Alipata "Ni mimi," kwenye simu. Jina hakulipata.

— Hakuwa ananiita kwa jina, alisema mwishowe. Tulikuwa wawili tu mezani.

Yule dereva aliiacha chupa yake bila kuijaza. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tano, gazeti limeshafunga, na hakuna aliyekuwa amempigia Colleen simu.